Atensheni ya Babu

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Masaba, neno moja la Kizungu lilitosha kukugandisha mguu hewani: atensheni! Babu yangu alilitoa Keya, jeshi la Waingereza, ambako maana yake ilikuwa simama wima, usikilize amri. Vita vikaisha, koti la jeshi likachakaa, neno akabaki nalo. Kwa neno hilo alituita kupalilia wimbi, kunywa uji, hata kuoga. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alituonya, nasi tukaitazama miguu yetu.

Siku moja tulitoka kisimani, mdogo wangu Nabwire ametangulia na mtungi kichwani, anaimba. Babu alikuwa akitujia kwa mbele. Ghafla akapaza: "Atensheni!"

Nabwire akasimama, mguu mmoja juu. Chini ya unyayo ule swila alikuwa amejikunja. Maji yalimchirizika shingoni, mguu ukaanza kutetemeka, lakini haukushuka mpaka nyoka alipojiondokea majanini.

Tulipohamia Busia mjini neno likageuka. Mama zetu waliovusha sukari kwa njia za panya walilipokezana askari wa forodha wakitokea, na sasa maana yake ilikuwa kimbia! Kisha nao wakazeeka wakafa, nikadhani limezikwa pamoja nao.

Juzi nilikuwa na mjukuu wangu, Brayo, karibu na foleni ya malori mpakani. Vijana wa leo masikio wameyapangisha kwa simu. Alinitangulia, vidude masikioni, akakatiza nyuma ya trela lililokuwa linarudi kinyumenyume. Nilimwita jina, kimya. Nikaishiwa maneno, likabaki lile moja.

"Atensheniii!"

Mimi mwenyewe niliganda mguu hewani, Brayo akaendelea kutembea. Trela ndilo lililosimama, hatua moja kutoka mgongoni mwake. Dereva, mzee mwenye mvi kama zangu, akatoa kichwa dirishani, jasho linamtoka.

"Mama, hii neno umetoa wapi? Baba yangu alikuwa anatuita nayo. Mguu imekanyaga breki yenyewe!"

Nilimkimbilia mtoto nikamkumbatia, nalia. Zamani neno lile lilisimamisha nyumba nzima ya watoto. Leo limetusimamisha wazee wawili tu, mimi na dereva.

Brayo akachomoa kidude kimoja. "Jaja, kwani umeniita?"