Mke wangu aliazima mume kliniki, wakampima damu

Wakuu, kwa siku kadhaa mwanangu aliye tumboni alikuwa na baba wawili: mie, na Shaibu wa bodaboda. Hospitali walikuwa wanamtambua Shaibu.

Salaam kwenu. Sitii chumvi, stori yenyewe imeshakolea.

Tunaishi Mbagala. Kliniki yetu, mjamzito akija na mume anahudumiwa kwanza. Siku hiyo nilikuwa kazini Mtoni. Mke wangu Rehema alipoona foleni imefika getini, akamgeukia Shaibu aliyempeleka.

"Kaka'angu, kuwa mume wangu kidogo."

"Mume wa kukaa tu, au na chai nanywa?"

"Kaa. Usiongee."

(Mliowahi kukaa foleni ile hamtamlaumu.)

Balaa likaanzia ndani. Rehema alisema mtoto wa dada yake ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wakachukua damu ya mama na ya "baba" palepale. Shaibu kwa aibu akanyoosha mkono.

Majibu: wote wawili wana vinasaba vya selimundu. Wao hawaumwi, ila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua.

Daktari akamweleza Rehema kipimo cha mapema, cha hospitali kubwa: sindano inachukua kipande kidogo cha kondo la nyuma. Faida, mnajua mapema na kujipanga. Hatari ni ndogo ila ipo: mimba inaweza kutoka.

Mimba yetu ya kwanza ilitoka. Rehema alirudi analia, akanieleza yote. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakumbuka: damu yangu mie hakuna aliyeipima.

Tukarudi kliniki, mie na Rehema.

"Na huyu ni nani tena?" daktari akauliza.

"Huyu ndo mwenyewe, dokta," Rehema akasema.

Nesi akageukia ukutani, mabega yanatikisika, kisha akanitoa damu.

Shaibu sasa anambembeleza mchumba wake wa Kimbiji apime kabla ya ndoa. "Braza, ile chai ambayo sikunywa imenisaidia," ananiambia.

Nilichojifunza: pimeni damu wote wawili kabla ya mimba. Na kliniki nenda mwenyewe, mume haazimwi.

Nikiwa sina vinasaba hivyo, sindano ya nini? Nikiwa navyo, Rehema ataamua, na mpaka sasa hajasema ndiyo wala hapana. Mliopitia sindano hiyo, tuelezeni ilikuwaje, anasoma pamoja nami.

Kliniki walisema watapiga leo kunipa majibu yangu. Simu iko mezani, haijalia.