Mlango Usio na Taa

Magharibi iliingia, isha ikaingia, na Biubwa hajarudi. Simu yake haipatikani. Nilikaa kizingitini, hapa kwetu Miburani, nimejifunika kanga mabegani kama mwenye homa. Tangu jua halijazama jirani alikuwa amepita na ndoo yake ya maji akanitupia neno juu ya ua: "Mama Biubwa, wasema ile ndege ya saa kumi imefunguka mlango hewani." Akaenda zake kisimani, akaniacha nalo.

Biubwa ni binti yangu. Ana miaka ishirini na sita, na kazi yake iko kiwanja cha ndege cha Kilindoni, hapa hapa kisiwani kwetu. Watu wakisikia hivyo hudhani anavaa viatu vya kisigino na kuwapa abiria soda. Anavaa raba na kizibao cha njano kinachong'aa juu ya gauni lake refu. Anapima mizigo, anawaita abiria majina, na mwisho kabisa, rubani akishakaa, anafunga milango. Ndege zenyewe ni ndogo, za watu kumi na wawili. Kwa hiyo usiku ule nilikuwa nawafikiria watu kumi na wawili, na rubani wa kumi na tatu, na mkono mmoja uliowafungia mlango.

Alirudi saa tatu, kashushwa na pikipiki. Sikungoja shikamoo.

"Wazima?"

"Wazima wote, mama. Imetua Dar salama. Mlango wa tumboni ndio uliofunguka. Mabegi mawili yameangukia baharini."

Nilimshukuru Mungu. Yeye hakukaa. Alisimama na raba zake ndani ya nyumba, jambo ambalo hafanyi kamwe.

"Kesho asubuhi anakuja fundi Ukasha," akasema. "Anakuja kuniuliza mimi."

Fundi Ukasha ndiye aliyemfundisha kazi ya milango, kule Dar, wiki mbili. Biubwa aliporudi alinifundisha na mimi, kwa mfuniko wa sufuria na kijiko, maana nilikuwa sipati usingizi kwa kuwaza jinsi mlango unavyoweza kukaa imara huko juu kwenye upepo. Mlango wa abiria una vyuma vinavyoingia kwenye matundu ya fremu, kama makomeo ya mlango wa nyumba, ila ni vingi na vinakwenda pamoja ukizungusha kishikio kimoja. Kimoja kisipoingia sawasawa, taa inawaka mbele ya rubani, naye haondoki. Hapo nikatulia.

Lakini chini ya tumbo la ndege kuna sanduku refu la mizigo, na mlango wake hauna taa. Una vishikio viwili. Unavigeuza mpaka vilale, na kwa ndani ulimi wa chuma unazunguka na kukaa nyuma ya ukingo. Kama ulimi umekalia kitu, kishikio kinaweza kulala vilevile, na jicho likaamini. Ndiyo maana Ukasha aliwafundisha mambo matatu: geuza, vuta, papasa. Kupapasa ni kupitisha kiganja ukingoni, toka mbele mpaka nyuma, kutafuta kitu kilichobanwa.

Nayajua mambo hayo matatu kwa sababu nimeyaona mara nyingi kuliko bosi wake. Shamba letu la mihogo liko njia ya kiwanjani, na nikitoka shamba husimama kwenye uzio wa waya nikamtazama mwanangu akifanya kazi. Wenzake hunicheka. Mimi niliishia darasa la tano, nikafunga ndoa, nikalima mwani mpaka vidole vikachubuka. Kumwona mtoto wangu akiinua kidole gumba na ndege nzima ikaanza kwenda, hilo sikuona haya kulitazama.

"Wametuma picha," Biubwa akasema, akanipa simu aliyokuwa ameichomeka kwenye chaji. "Hii imekutwa kwenye kishikio cha nyuma."

Nilivaa miwani. Ulikuwa uzi wa usumba, kamba yetu hii ya makumbi ya nazi, umesagika katikati kama uliotafunwa. Nikaujua. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefunga pakacha la ndimu na pweza mkavu la kumpelekea dada yangu Mwanaharusi, Temeke. Na kwetu pakacha la zawadi halikatwi kamba. Unaacha ncha ndefu, dhiraa moja au zaidi, ili aliyepokea asitafute kamba ya kufungia atakachorudisha. Ukikata ncha umemwambia ndugu yako kwamba hutaki jibu. Biubwa alilipima kama mzigo wa mtu yeyote, akaliingiza la mwisho, mlangoni kabisa.

"Ni kamba yangu," nikasema.

"Najua, mama. Kamba si neno. Kamba zinaingia kila siku." Hapo ndipo alipokaa. "Neno ni mkono wangu. Nimegeuza, nakumbuka. Nimevuta, nakumbuka. Kupapasa… mkono umezoea mno, sijui kama ninachokumbuka ni cha leo au cha jana. Wewe ulikuwepo kwenye uzio. Nilipapasa?"

Nilikuwepo. Nilimwona akigeuza, nikamwona akivuta. Kisha akainama na kiganja chake kikagusa ukingo wa mbele, na mimi, nisiyeweza kuacha jambo likaenda bila kulisindikiza, nikapaza sauti: "Biubwa! Mwambie rubani lile pakacha lina pweza, lisikae juani!" Akacheka, akaniinulia mkono ule ule. Mkono haukurudi ukingoni. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kidole gumba.

"Ulipapasa, mwanangu," nikasema.

Alishusha pumzi. "Basi ni komeo lenyewe. Watalibadilisha. Maana ingekuwa sikupapasa, kesho ningemkabidhi mkuu wangu Sadick kitambulisho changu na kurudi kulima mwani."

Akampigia Sadick simu kumwambia hivyo, akala kidogo, akalala. Mimi nilibaki na uongo wangu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe, analia na mama yake hajulikani atarudi lini. Kwanza niliutetea. Chuma hakina watoto, nilijiambia, kikisingiziwa hakiumii. Lakini kila nilipofumba macho niliona mafundi wakitoa ulimi mzima wa chuma na kuweka mwingine mzima, wakafurahi, na wiki ijayo mwanamke mwingine wa Miburani akaleta pakacha lenye ncha ya dhiraa moja, na Biubwa akageuza, akavuta, na mimi au mama mwingine akamwita. Tena safari ile mzigo ukiangukia juu ya kichwa cha mtu? Au ukigonga mkia wa ndege? Nilikuwa nimemwondolea mwanangu kosa na kumwachia hatari.

Alfajiri, alipomaliza kuswali, nilimfuata kwenye mkeka wake.

"Hukupapasa."

Aligeuka polepole. "Jana uliniambia nini?"

"Jana niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi. Nilikuita, ukaniinulia mkono. Mkono haukurudi."

Aliukunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena. "Mama," akasema, "ungenyamaza tangu jana ingekuwa afadhali. Umenipa usingizi kisha umeniamsha." Akavaa kizibao. Hakuniambia atasema nini, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilimfuata nyuma kama hatua kumi, na kila nikikazana naye anakazana.

Ndege ya asubuhi ilimleta fundi Ukasha, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi na begi zito la vyuma. Sadick, mkuu wa kituo, alimpokea kwa maneno mengi, kisha akaniona mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo Bi Mwanahija. Leo umeruka uzio?"

"Marahaba. Nimepita getini kama watu."

"Huyu ndiye kamera yetu ya usalama," Sadick akamwambia fundi. "Haina betri, haizimwi, na inapiga kelele."

Ukasha hakucheka. Alifungua begi, akatoa kishikio kipya chenye ulimi wake, bado kina mafuta ya kiwandani, akakiweka mezani. "Biubwa," akasema, "swali langu ni moja. Ukinijibu ndiyo, ndege ile nailaza chini, naibadilishia makomeo, na nyingine mbili za aina yake nazilaza vilevile. Ulipapasa?"

Biubwa alikitazama kile chuma kipya.

"Sikupapasa."

"Mbona jana usiku kwenye simu uliniambia umepapasa?" Sadick akaruka. "Nimeshaandika ripoti! Nimeshaituma!"

"Jana nilidhani nimepapasa. Leo najua sikupapasa."

"Umejuaje?"

Nikasema mimi. Niliwaeleza pakacha, ncha ya kamba, na sauti yangu. Sadick alishika kichwa. "Yaani pweza! Mabegi ya watalii yako baharini kwa sababu ya pweza! Biubwa, kitambulisho."

Biubwa alianza kukivua shingoni. Kilinasa kwenye mtandio, na ikanichoma kumwona anahangaika kukitoa kitu alichokisomea kwa shida vile. Sikumsaidia. Kumsaidia kukivua nisingeweza.

"Subiri," Ukasha akasema. "Tutoke nje kwanza."

Tulikwenda kwenye ndege aliyokuja nayo. Alimwomba Biubwa kipande cha usumba, naye akaokota kimoja kilichokuwa kimeanguka kwenye mizani. Ukasha akakiweka juu ya ukingo, akafunga, akageuza kishikio. Kikalala vizuri kabisa. Akavuta mlango, haukutikisika. Akampa Sadick avute, haukutikisika. Kisha akaupiga ngumi kutoka pembeni, mara nane, mara tisa, kama vile ndege inavyotikisika hewani. Usumba ulijikunja, ukateleza, na ule ulimi ukaachia. Mlango ukaning'inia.

"Kwa hiyo chuma changu ni kizima," akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Nimekuja nikidhani nina ndege tatu za kulaza. Nina kamba moja." Akamgeukia Sadick. "Tangu leo, mzigo wenye ncha ya kamba haupandi. Ikatwe au ifungiwe ndani."

"Watu wa hapa watakataa," Sadick akasema. "Ncha hiyo ina mila yake."

"Basi wewe ndiye utakayewaambia. Wewe una maneno."

"Na huyu?"

"Huyu ataandikiwa barua ya onyo, na barua itakaa kwenye faili lake." Ukasha akafuta mikono kwa kitambaa. "Ukimtoa, ndege ya saa nne nani ataifunga? Wewe?"

"Mimi na mgongo huu?"

"Basi atafunga yeye, na hakuna atakayekagua nyuma yake. Mimi nitapanda ndege hiyo hiyo kurudi Dar. Tukifika mlango haujacheza, kitambulisho kinabaki shingoni. Ukicheza, hata kwa upana wa wembe, atakukabidhi kitambulisho."

Saa nne kasorobo abiria walianza kupanda. Biubwa alinijia, akasimama mbele yangu kana kwamba anataka kusema mengi. Alisema moja tu. "Mama, leo usinitazame."

Nilikwenda ofisini nikakaa kwenye benchi, uso umeelekea ukutani, palipobandikwa kalenda. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilisikia milango ya abiria ikigonga. Nilisikia vishikio. Kisha kimya kirefu, kirefu mno, na sikujua kama katika kimya kile kiganja kilikuwa kinatembea ukingoni au kimesimama. Nilishika mbao za benchi kwa mikono miwili. Mashine ikaanguruma, sauti ikaenda mwisho wa kiwanja, ikarudi kwa kasi, ikapaa.

Biubwa aliingia, akakaa upande wa pili wa benchi. Kati yetu paliweza kukaa mtu.

"Hujaniuliza kama nimepapasa," akasema.

"Sikuulizi."

"Hutaweza kukaa nusu saa nzima, mpaka watue Dar, bila kuuliza."

"Nitaweza."

Alinitazama kwa pembe ya jicho. Sadick alikuwa anazunguka meza akipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. Dakika thelathini zilipita, zikawa thelathini na tano. Ilipofika arobaini Biubwa alikuwa amesogea bila yeye mwenyewe kujua, na bega lake likawa limegusa langu.

Simu ya Sadick ikalia. Akaiweka mezani, akabonyeza ili sote tusikie. Palikuwa na upepo na makelele ya kiwanja kikubwa, na ndani yake sauti ya fundi Ukasha.

"Niko mbele ya mlango sasa hivi. Huyo binti yupo?"

"Nipo, fundi."

"Nimepita ukingo mzima kwa tochi. Haujacheza." Akahema. "Tatizo ni kwamba haufunguki! Umekikaza kishikio cha nyuma kwa nguvu za nini? Tupo wawili hapa tunasukumana nao."

Biubwa aliziba mdomo kwa mtandio. Sadick akaketi kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ngoja, ngoja," sauti ikasema, "shika huko chini, Taufiki. Haya, kwa pamoja."

Tulisikia chuma kikilia mara moja, kikavu, kisha ule mlango ukaanguka kwenye bawaba zake na mtu fulani kule Dar akacheka kwa sauti kubwa.