Chemba ya Pipa Moja

Mie si mtu wa kalamu. Ngumbaru, darasa la watu wazima, nilisoma miezi mitatu nikaacha, maana mwalimu alikuwa kitoto kinachonikaripia. Sasa watu wa mtaani hawanipi nafasi: Bibi Mwanakombo, tuandikie habari za fundi Kasiani, wewe ulimjua. Si yuko hai, kwa nini hawamwendei mwenyewe? Haya, naandika nijuavyo, na mtu asinisahihishe.

Kasiani ni Mpogoro wa Mahenge, mfupi, mkono wa kushoto una vidole vinne. Alikuwa hatembei na futi. Alikuwa na kamba yenye mafundo, na kipimo cha kamba ile hakuna aliyekibishia, Kinondoni yote.

Mwaka wa tisini na moja, siku zile za ruksa, biashara zilipoachiwa, nilifungua hoteli Mikocheni, nyuma ya viwanda. Pilau, samaki wa kukaanga, maharage ya nazi. Wafanyakazi walinijaa mpaka wengine wanakula wamesimama. Bwana afya akanikuta namwaga maji ya masufuria nyuma ya jiko, akasema nijenge chemba ya kunasa mafuta, la sivyo anafunga. Hatua thelathini kuteremka kutoka jikoni kwangu palikuwa na kisima cha jirani yangu Auleria. Mtaa mzima ulikunywa hapo.

Kasiani alipokuja hakuanza jikoni. Alikwenda kisimani kwanza, akainama, akachungulia muda mrefu. Aliporudi hakuwa na furaha.

"Mama, chemba kazi yake ni kuyapumzisha maji," akasema. "Yakipumzika, mafuta yanaelea, makombo yanazama, maji ya katikati ndiyo yanaingia shimo la kunyonya. Yakija mengi kwa pamoja hayapumziki. Yanapita na mafuta yake, yanaziba shimo. Likiziba, maji yatatafuta pa kwenda." Akanyoosha kidole kule kisimani. "Kwa hiyo niambie kweli. Mchana unatoa sahani ngapi?"

Sasa, sie watu wa pwani riziki haihesabiwi mbele ya mgeni. Ukiitaja, jicho la husuda linaiona. Nikamwambia, "Sitini." Nilikuwa natoa mia mbili na arobaini.

Akatazama masufuria. "Haya ya sahani sitini? Au unapikia jeshi?"

"Fundi, umekuja kuchimba au kuposa masufuria?"

Akacheka, akafungua kamba. "Sitini, pipa moja linatosha. Ungesema mia mbili ningejenga ya mapipa manne." Nilikwenda kugeuza samaki.

Chemba ikajengwa, nzuri, mfuniko wa zege. Kila Jumamosi niliyachota mafuta kama alivyonielekeza, na kila Jumamosi nilikuta yamefika juu. Sikumwambia mtu.

Masika ilipoanza Auleria alikuja na ndoo. "Mwanakombo, maji yangu yanateleza mkononi. Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya jiko langu.

"Ni masika tu," nikamjibu. "Yatatulia."

Hayakutulia. Bata wake waliacha kuyanywa. Watu waliendelea, maana bomba lilikuwa halitoi maji. Wiki ya pili mumewe, mzee Gozbert, akashikwa na tumbo. Siku ya tatu ya ugonjwa wake Auleria akamwita Kasiani, na watu wakajaa uani kwangu.

Fundi akainua mfuniko. Mafuta yalikuwa yameganda mpaka mdomoni, meupe kama samli. Akachomeka fimbo kwenye shimo la kunyonya, ikatoka nyeupe.

"Mama," akaniambia, mbele yao wote, "niambie tena. Sahani ngapi?"

Nyuma yangu sahani zilikuwa zimepangwa zinakauka, safu juu ya safu. Alizitazama. Hakuzihesabu.

"Sitini," nikasema.

Auleria akamgeukia fundi. "Kumbe hujui kupima. Umetunywesha nini, wewe?"

Kasiani akakunja kamba yake, fundo kwa fundo, akaondoka. Mzee Gozbert aliumwa siku tisa. Hospitali walisema ni maji. Siku tuliyomzika bwana afya alikifunika kisima kwa zege, na mie nikafunga hoteli, nikisema nimechoka.

Tangu hapo hakuna aliyempa Kasiani kazi ya jiko. Wakimtaja husema: yule aliyemuua Gozbert. Alihamia Bunju, anachimba vyoo, miaka saba sasa. Na hizi hoteli zinazoota kila kona zinajengewa chemba na watu wasiouliza chochote. Napita, nanusa, nanyamaza.

Mie siendi Bunju. Sijawahi kumpigia mtu magoti. Wewe uliyekuja kuniomba karatasi hii, wewe uliyesoma, ndiwe utakayekwenda. Anza kwa Auleria, umsomee karatasi hii mpaka mwisho, hata akikufukuza. Kisha nenda kwa Kasiani umwambie zilikuwa mia mbili na arobaini. Akinyamaza usimlazimishe. Rudi hapa unieleze alinyamaza namna gani.