Picha Iliyoishia Ngazi ya Mwisho

Mdogo wangu watu wanamwita Kobe, na jina limemkaa. Ukimpa picha kumi za harusi leo, usirudi kesho ukidhani ziko tayari, utajisumbua bure. Mimi nakaa mbele, napiga picha za pasipoti na kugombana na wateja. Yeye anakaa nyuma ya pazia na kompyuta yake, anazifanya picha zilizosimama zitembee.

Kazi yenyewe si uchawi. Unaiweka picha kwenye programu, unatia alama moja pale inapoanzia na nyingine pale inapoishia, mashine inajaza safari ya katikati. Ukitaka uso usogee karibu, unasogea. Ukitaka urudi nyuma, unarudi. Ila Kobe ana sheria yake, na hata umbembeleze vipi haivunji: aliye hai tunamsogelea, aliyefariki tunarudi nyuma taratibu, tumwache aende. Na kabla hajatia alama yoyote, hukagua pembe zote nne za picha. Wateja huangalia sura tu. Kuna bibi harusi mmoja, picha yake ilipoanza kutembea ukumbini, pembeni ikajitokeza kamba ya kuanikia yenye chupi za mama mkwe, kubwa kama bendera. Tangu siku hiyo Kobe haziamini pembe.

Jumatatu moja aliingia mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa hadi unajiona. Alileta bahasha ya picha za baba yake, akataka video ya maombolezo. Nikampa pole. Akasema ahsante, tumeshapoa. Jibu hilo lilinikera, maana hata paka wa jirani akifa mtu huchukua siku mbili kupoa. Nikamwuliza tarehe ya kuzaliwa, akanitajia. Na ya kufariki? Akasema tuache nafasi, ataileta Jumamosi. Nikajisemea msiba umemchanganya, watu hutofautiana.

Jumatano Kobe akaniita nyuma ya pazia, na Kobe huwa haniiti. Picha moja ilimwonyesha mzee amekaa sebuleni na kikombe mkononi. Pembe ya juu kulikuwa na kalenda ukutani, ya mwezi huu huu, siku zimekatwa kwa kalamu mpaka Jumapili. Bahasha tuliletewa Jumatatu. Kobe akasema labda mzee alifariki usiku ule ule. Labda, nikasema, lakini wote wawili tulijua tunadanganyana. Mtu afiwe Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi aikose tarehe?

Alhamisi mchana mteja akaja kukagua. Alitazama mpaka picha ya mwisho: mzee amesimama juu ya ngazi za nyumba, anacheka, mkono umeshika chuma cha pembeni. Kobe alikuwa ameirudisha nyuma kama kawaida yake. Mteja akatikisa kichwa.

"Anzia usoni," akasema. "Kisha ishuke ngazi, taratibu. Iishie chini kabisa, pale kwenye ngazi ya mwisho."

Kobe akamwuliza kwa nini iishie mahali pasipo na mtu. Akatabasamu tu, akasema ndivyo familia inavyotaka.

Alipotoka, nilimwambia Kobe aifanye kama alivyoagizwa, aniwekee kwenye simu. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikamwambia la kuvunda halina ubani, weka.

Kwenye picha nyingine mzee alikuwa kibandani kwake anatengeneza saa, na pembeni, pembe tena, lilionekana duka la dawa lenye mlango wa kijani. Duka hilo nalijua, ndiko ninakonunua dawa zangu za presha. Nilikwenda kwa miguu nikiomba nikute kibanda kimefungwa, majirani waniambie mzee tumeshamzika. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyoomba.

Nilimkuta amekaa, lenzi jichoni, anapuliza vumbi kwenye saa ya mtu. Mzima wa afya.

Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikakosa pa kuanzia. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki. Nikampa simu tu. Akautazama uso wake mwenyewe ukicheka, kisha picha ikauacha uso, ikashuka ngazi moja moja, ikasimama kwenye saruji tupu. Akairudia. Mara ya tatu akaivua ile lenzi.

"Nani kasema iishie hapa?"

"Mwanao, baba."

Aliiweka simu juu ya meza. Halafu akasema, kama anayejisemea, kwamba Jumanne mwanawe alileta fundi akang'oa vile vyuma vya kushikia ngazini, eti vikapakwe rangi. Na kesho yake kamhamishia kitanda chumba cha juu, eti kuna hewa. Naye mzee alikuwa amepita kwa majirani akijisifu kuwa mwanawe anamjali. Nililia, sioni aibu kusema. Yeye hakulia. Alizifunga saa za watu kwenye kitambaa, akaniuliza kama kwetu kuna mahali mtu mmoja anaweza kulala mpaka Jumamosi ipite.

Kobe alitaka twende polisi. Tukaseme nini, kwamba picha imeshuka ngazi? Na mzee mwenyewe alikataa katakata. Ni damu yangu, alisema, nikamtandikia godoro nyuma ya pazia.

Jumamosi mteja akaja. Suti ile ile, lakini macho mekundu. Tarehe hakuitaja. Aliulizia kazi yake, na Kobe akaiwasha. Alikuwa amezigeuza zile alama: picha ilianzia kwenye ngazi ya mwisho, mahali patupu, ikapanda moja moja hadi kwa mzee, ikamsogelea mpaka uso ukajaa skrini nzima.

"Umekosea," mteja akasema.

"Sijakosea, kaka," Kobe akajibu. "Aliye hai tunamsogelea."

Nyuma ya pazia, mzee akakohoa. Kikohozi cha baba yako hukijui kweli? Lakini mteja hakugeuka. Alizikusanya picha moja moja, akazipanga kwenye bahasha, akaniuliza kwa upole, kama mteja mwingine yeyote, tunafunga saa ngapi.