Chuma Namba Saba cha Eucabeth

Bwana Mburu alivitandaza vyuma vyake vya gofu juu ya taulo jeupe, kimoja kimoja, kama mtu anayelaza watoto. Mzee Dalmas aliliangalia lile taulo. Halikuwa limewahi kupangusa kitu.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, nyuma ya nyumba yake mtaani Section 58, kwenye kibanda cha mabati alichojenga alipostaafu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mhunzi katika karakana ya reli. Shule hakwenda. Chuma ndicho alichojua kusoma, kwa sikio na kwa kiganja. Basi wacheza gofu wa mjini walimletea fimbo zao. Mtu mrefu alitaka shingo ya chuma isimamishwe kidogo, mfupi alitaka ilazwe. Kichwa cha chuma kisipokaa sawa chini, mpira huenda unakotaka wenyewe.

Mburu alikuwa mrefu, na mpira wake ulikuwa unaenda kulia, kwenye miti. Kila mara.

Mburu alikuwa na duka la dawa za mifugo kule Bahati. Valarie, binti yake Dalmas, alikuwa akiuza hapo kaunta. Gofu Mburu aliianza mwaka uliopita. Mwaka mmoja, na tayari alikuwa na glavu nne.

"Mzee, hizi ni za kufuliwa," alisema. "Sio zile za kumiminwa kama sufuria. Nimechagua miezi minne."

"Ulichagua na nini?"

"Na nini vipi?"

"Macho? Mkono? Sikio?"

Mburu akacheka, akatoa simu mfukoni. "Na hii. Wataalamu wote wako hapa ndani. Wanasema ukitaka kuusikia mpira mkononi, chukua chuma ya kufuliwa. Laini kama siagi."

"Uliipigia mpira kabla hujalipa?"

"Niliagiza kwa simu, mzee. Ilikuja kwa sanduku."

Dalmas akasonya. Akainua kimoja. Kiling'aa mpaka akaona pua yake mwenyewe na nywele zilizotoka ndani yake. Kilinukia marashi. Mtu gani hupaka chuma marashi?

Hakuwa na ugomvi na chuma cha kumiminwa. Kile kimechomwa kikawa uji, kikamwagwa kwenye kalibu, na anayejifunza kinamfaa, maana hata akikosea kinamsamehe. Cha kufuliwa ni kipande kilichotiwa motoni, kikapigwa mpaka kikakubali umbo. Hicho hakikuonei huruma, lakini ukikikunja kinakunjika. Kila kimoja kina kazi yake. Kilichomtia Dalmas kinyaa ni kimoja kuvaa nguo za mwenzake.

Akachukua tupa, akaisugulia chini ya shingo, mahali pasipoonekana. Chuma laini huishika tupa. Hii iliteleza kama iko juu ya kioo.

"Hii ilimiminwa."

"Imeandikwa hapo, mzee. Soma."

"Mimi sisomi. Ndio maana haijanidanganya."

Mburu akaacha kucheka. "Wewe kunja tu."

"Itavunjika."

"Ni yangu. Kunja."

Dalmas akakibana kwenye vaisi, akakivalisha mkono wa kukunjia, akavuta. Kikakataa. Akavuta tena, polepole, kama anayemshauri mtu. Kikalia *tak!* na kichwa kikaanguka kwenye sakafu ya udongo, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Mburu.

Walikiangalia wote wawili. Pale kilipokatikia palikuwa na punje nene, nyeupe.

"Chumvi," Dalmas alisema. "Kama ile unauzia ng'ombe."

"Wamenikula hawa watu," Mburu alisema taratibu. Akakusanya vilivyobaki, akavifunga kwenye taulo. Halafu macho yake yakapanda ukutani na kukaa hapo. Dalmas akajua yamekaa wapi.

Mfuko wa turubai ulikuwa unaning'inia kwenye ndoano juu ya benchi, rangi ya kijani iliyopauka.

"Valarie aliniambia uko na seti ingine," Mburu alisema. "Ya marehemu. Ya kufuliwa kabisa. Akasema naweza kuichukua."

Wakati huo huo Valarie alikuwa akiingia na trei ya chai. Alisikia. Akainamia vikombe kana kwamba amepoteza kitu ndani yake.

Ulikuwa mfuko wa Eucabeth, mkewe.

Eucabeth alipika jikoni kwa klabu ya gofu miaka ishirini na miwili. Jumatatu uwanja ulipofungiwa wanachama, wafanyakazi waliruhusiwa kucheza. Siku moja kedi mmoja, mbeba mifuko, alimtania kwamba mwanamke wa mwiko hawezi kuvusha mpira juu ya mtaro. Aliuvusha. Kuanzia hapo hakuna Jumatatu iliyompita. Dalmas alimwokotea seti nzima iliyoachwa na mwanachama mmoja aliyehama nchi, vyuma vya kufuliwa, vimechakaa, vizuri. Lakini Eucabeth alikuwa mfupi. Alimfikia mumewe kwapani. Kwake vyuma vile vilisimama mno, na mpira ulikimbilia kushoto.

Basi Dalmas alimsimamisha kwenye mlango wa jikoni, mikono chini, akapigilia msumari kwenye mwimo, usawa wa kifundo cha mkono wake.

"Usinipigilie mimi," Eucabeth alisema. "Nani atakupikia?"

Kwa msumari ule alikunja vyuma vyote, kimoja baada ya kingine, wiki nzima. Msumari bado upo. Eucabeth alikwenda mwezi wa nne, kwa presha, akiwa ameshika mwiko. Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Mfuko haukuwa umeguswa.

"Uliniuliza?" Dalmas alimwambia bintiye.

"Nakuuliza sasa, Baba." Valarie aliweka trei juu ya benchi. Alisema kwa sauti ndogo, lakini Mburu alisikia kila neno. "Jana ulikaa chini ya huo mfuko mpaka chai ikashika ngozi. Juzi pia. Mama hakuwa mtu wa kuweka vitu. Si ni afadhali zitumike?"

Dalmas alimwangalia Mburu akiushusha mfuko bila kuambiwa, akichomoa vyuma kama mtu anayechagua miwa sokoni. Akakiinua hiki, akakirudisha. Akakigonga kile kwa ukucha.

"Kutu kidogo. Hakuna shida, tutazipiga nikeli, zing'ae. Mpini nitabadilisha." Akachomoa namba saba, akaisimamisha chini. Ncha ya mbele ikabaki imezama udongoni na kisigino kikiwa hewani. "Lakini imelala sana, mzee. Huyu mama alikuwa kimo gani, mbilikimo?"

Valarie akafumba macho.

Mate yakawa machungu mdomoni mwa Dalmas. Ilimbidi ayameze. Huyu ndiye aliyemwandika mwanawe kazi, na mwanawe alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba ambayo hakuwa ameyaona tangu Valarie akiwa darasa la tatu. Akanyoosha mkono.

"Lete nikusimamishie hiyo moja. Ujaribu."

Akaibana kwenye vaisi. Akavuta.

Kikakubali. Hakikulia, hakikusita. Kilikuja kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Hilo ndilo lililomchukiza zaidi. Aliiangalia mikono yake mwenyewe ikifanya kazi ile safi, bila kutetemeka, ikifuta kilichochukua wiki nzima kuandikwa, na akaona kinyaa. Kama mikono ingekuwa ya mtu mwingine angeipiga.

Walitoka hadi kiwanja cha nyuma ya mtaa. Hakukuwa na mtu, ila mbuzi wawili wa jirani, na hao wakasogea wenyewe. Mburu akaweka mpira chini, akatikisa makalio, akapiga.

Mpira ukaenda moja kwa moja.

"Wewe!" Mburu alipiga kelele. "Umeona hiyo? Siagi! Siagi, mzee! Valarie, umeona?"

"Nimeona, bosi."

"Kunja zote. Leo leo."

Akakigeuza chuma, akautazama uso wake wa kupigia. Katikati kulikuwa na doa lililofifia, duara lisilozidi sarafu ya shilingi tano. Mistari ya chuma ilikuwa imelika hapo, na hapo tu. Mburu akatema mate juu yake. Akasugua kwa kidole gumba.

"Hapa ndio imekwisha. Si watapiga msasa kwanza, ikae mpya?"

Dalmas aliyaona yale mate yakiteremka juu ya chuma.

"Unajua hapo ni nini?"

"Kuchakaa."

"Ni mipira. Miaka kumi na tano ya Jumatatu. Yote ilipita hapo. Hiyo yako imevunjika iko na alama wapi?"

Alama za vyuma vya Mburu zilikuwa kwenye ncha, zingine chini pembeni, kama mtu aliyekuwa akikata kuni gizani. Valarie alikuwa ametoka na ile trei tupu. Akajifunika mdomo nayo.

"Lete," Dalmas alisema.

"Tumeshaelewana, mzee."

"Mimi sielewani na mtu anatemea chuma ya bibi yangu mate."

"Aai. Ni mate tu! Nitaipangusa." Mburu akaipangusa kwa suruali, uso ukamwiva. "Nimekuja kwako na heshima. Msichana wako mwenyewe ndiye alinipatia. Na wafu hawachezi gofu, mzee."

"Hata wewe huchezi."

Mbuzi mmoja alilia. Dalmas alikuwa bado amenyoosha mkono, na alikuwa tayari kusimama hivyo mpaka Jumapili. Mwishowe Mburu akakiweka chuma kwenye kile kiganja, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Dalmas akakipangusa kwa shati lake, upande wa ndani. Ndipo akamhurumia kidogo yule mtu, huruma ya mtu anayemwona mwenzake amekanyaga kinyesi cha ng'ombe kwa viatu vipya.

"Nunua za kumiminwa zinazosema ni za kumiminwa," alimwambia. "Zenye tumbo pana chini, zikusamehe ukikosea. Zipige kabla hujalipa. Halafu miaka miwili usinunue kitu. Ukiona alama imeanza kukaa pahali pamoja, kuja. Nitakuchagulia za kufuliwa mimi mwenyewe, na tupa mkononi."

"Miaka miwili!"

"Na upunguze marashi."

Mburu alirudi kibandani, akachukua taulo lake na mzigo wake. Kichwa kilichovunjika alikiacha sakafuni. Gari liliwashwa kwa hasira, likageuka, likaenda.

Valarie alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Baba. Jumatatu nitasimama wapi?"

"Kwa kaunta. Kama kila siku."

"Sio mzaha."

"Nani anauza pale kama si wewe? Yeye? Hajui dawa ya kupe ni ipi na ya minyoo ni ipi."

Valarie alitaka kukasirika, Dalmas aliona. Lakini ilikuwa kweli. Akanywa chai iliyopoa badala yake.

Dalmas alienda na namba saba kwenye mlango wa jikoni. Jua lilikuwa bado lipo, limeingia mpaka kwenye jiko. Aliweka ubao sakafuni, akakilaza kichwa cha chuma juu yake, na mpini akaufikisha kwenye msumari. Akapitisha kipande cha gazeti chini ya ncha ya mbele. Kikapita chote, bila kuguswa.

Akarudi kwenye vaisi, akavuta kuelekea upande wa pili. Akaja tena mlangoni. Gazeti likapita tena, lakini sasa lilikwaruza. Akarudi. Akaja. Mara ya tatu hakuweza kuamini jicho lake. Chuma kinakaa vingine mtu akikishika. Kilihitaji mikono, na mikono hiyo iwe usawa wa msumari.

Alikishika. Akasimama kama anayetaka kupiga mpira, kisha akapinda magoti. Hayakupenda. Akayapinda zaidi, mgongo ukalia, akashuka mpaka kifundo cha mkono wake kikagusa kichwa cha msumari. Kilikuwa baridi. Kutoka hapo chini jiko lilionekana kubwa, na rafu ya sufuria ilikuwa juu mno. Miaka yote ile hakuwa amejua kwamba ilikuwa juu mno.

"Baba, unafanya nini?" Valarie alikuwa mlangoni.

"Nyamaza. Ni kimo cha mamako."

Dalmas alidhani Valarie atacheka. Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akapiga magoti sakafuni, akachukua lile gazeti. Alilipitisha chini ya kisigino cha chuma, likakwama. Akalipitisha chini ya ncha, likapita.

"Haya?" Dalmas aliuliza.

"Bado," Valarie alisema. "Kidogo, mbele hapa."

Akashika mwimo, akajiinua, akakirudisha chuma kwenye vaisi.