Kompyuta Nne Zilizosahau Tarehe

Sisi tuliokua wakati intaneti inaingia nyumbani kwa modemu ya kuchomeka tunajua kusubiri. Watoto wa siku hizi ukurasa ukichelewa kidogo wanaitikisa simu kama kiberiti. Enzi zetu ulikuwa unabonyeza, unakwenda kuchota maji, unarudi unakuta picha ya mtu imeshuka mpaka kwenye pua.

Tulikaa Mikumi, nyuma ya barabara kubwa, pale malori ya Iringa yanapopumzika. Mama alikuwa anawapikia madereva. Kaka yangu Hamisi alikuwa anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na kompyuta ikichoka pale ikatolewa nje, yeye aliibeba. Nyingine aliipata Kilosa mjini, kwenye duka la fotokopi lililofungwa. Zikafika nne. Zilikuwa nzito, zenye rangi ya meno ya mvuta sigara, na zikiwaka chumba kizima kilinuka vumbi la moto.

Programu mpya za madukani zilikuwa mzigo kwazo, kwa hiyo Hamisi aliziwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kila moja aina yake kulingana na nguvu zake. Majina ya Kiingereza hayakunikaa. Niliziita kwa picha zilizotokea wakati wa kuwaka. Dhaifu kuliko zote ilikuwa Mbwa. Hiyo haikuwa na diski ndani, iliwaka kwa CD, na ukiizima bila kuiambia ihifadhi, kesho yake haikujui. Nyingine ilikuwa Ndege, nyingine Panya, na yenye nafuu kidogo ilikuwa Mnanaa, kwa sababu ya jani lake. Nikitoka shule naziwasha moja moja, nakaa katikati yake. Sikuwa msemaji, na kompyuta haikuulizi mbona umenyamaza.

Zote nne zilikuwa na ugonjwa mmoja. Kile kibetri cha saa kilichomo ndani kilikuwa kimekufa, na vilivyouzwa Mikumi havikumaliza wiki. Kila zikizimwa zilisahau tarehe. Zikiwaka zilirudi Januari mosi ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijazaliwa, na tarehe ikiwa hiyo, tovuti nyingi zinakataa kufunguka, zinadai si salama. Kazi ya kuweka tarehe Hamisi alinipa mimi. Akirudi, kabla hajagusa kitu, anauliza, "Umeweka tarehe?" Najibu, "Nimeweka." Hakuwahi kurudia kuangalia.

Mama hakuzipenda. "Kitu hakipiki, hakifagii, kinakaa ndani kwa kazi gani?" Mwaka niliomaliza darasa la saba, bibi alikuwa anahamia kwetu kutoka Tindiga kwa sababu macho yake yalikuwa yamepungua, na chumba cha kumpa kilikuwa kile cha kompyuta. Hamisi akamwomba mama asubiri matokeo yatoke, tuyaangalie hapo nyumbani, mtaa wote uone faida. Mama akakubali. "Ila zisipofungua, mnunua chuma chakavu akipita anazibeba."

Mimi nilijua nilivyofanya mtihani. Nasoma swali mara tatu na naandika polepole. Hesabu walipokusanya karatasi nilikuwa sijafika nusu.

Siku matokeo yalipotoka niliweka dakika, saa, siku na mwezi. Mwaka niliuacha. Nilifanya hivyo kwenye zote nne.

Alasiri chumba kilijaa. Mama Zaituni, jirani yetu, alikuja na binti yake, ambaye mimi na yeye tulikaa dawati moja. Niliwaamkia shikamoo wakubwa bila kuinua macho. Hamisi akaingia, mikono bado inanuka sabuni.

"Umeweka tarehe?"

"Nimeweka."

Alianza na Mnanaa. Ikakataa. Akahamisha modemu kwenye Ndege, ikakataa, Panya vilevile. Mbwa ilichukua muda mrefu kuliko zote, nayo ikakataa.

"Hamisi baba, au hizi zinatumia mkaa?" Mama Zaituni akasema, na watu wakacheka.

"Subirini kidogo, mama zangu." Alijaribu tena. Jasho lilikuwa linamtoka. Halafu akasema chinichini, "Labda zimezeeka kweli." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Mimi nilisema. Kesho zinatoka."

Zaituni akaanza kulia. Mama yake akamwambia watawahi basi la Kilosa, wakaangalie huko. Hamisi akachomoa modemu, akaanza kukunja nyaya taratibu, kama anavyokunja mashuka ya watu.

Nilinyoosha mkono nikashika mausi ya Mnanaa. Nikafungua saa, nikaweka mwaka mbele yao wote. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Hamisi akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudisha modemu.

Ukurasa ulishuka mstari kwa mstari. Zaituni alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Hamisi akashusha majina ya shule yetu mpaka mwisho, akarudi juu, akashuka tena.

"La Mwajuma?" mama akauliza jina langu.

"Halipo, mama."

Mama akarudi jikoni. Watu wengine wakaingia, kila mmoja na mtoto wake, na mpaka karibu na magharibi foleni ilikuwa bado mlangoni. Mama alipita katikati yao akanikuta pembeni. "Bibi atalala chumbani kwako, Mwaju. Hayo madude yasogezeni ukutani."

Watu walipoondoka Hamisi aliniuliza, "Mwaka ulisahau?"

"Hapana."

"Haya."

Kesho yake alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni akauliza kama kawaida, "Umeweka tarehe?" Nikamwambia nimeweka. Hakurudia kuangalia.

Siku hizi matokeo kila mtu anayafungua peke yake, chini ya shuka au chooni, na jirani anasikia baada ya siku tatu. Simu inajua tarehe yenyewe. Ukimwambia kijana kwamba kompyuta ilikuwa inasahau mwaka, anakuonea huruma, anakuonyesha namna ya kuongeza mwanga wa simu yako.

Bibi alishafariki. Hamisi yuko Morogoro, na zile tatu zimekufa. Mbwa ninayo, iko juu ya meza kwenye mgahawa wa mama, na haya nayaandika humo. Asubuhi nikiiwasha inarudi kulekule kabla sijazaliwa. Naweka dakika, saa, siku, mwezi. Mwaka naumalizia. Hapa hakuna anayeuliza, lakini huwa nasema hata hivyo, kwa sauti ndogo, nimeweka.