Mchanga Ukiwa na Kiu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Ggaba, kando ya ziwa, mwanangu, na leo imenirudia kwa sababu yako. Tangu uniambie kwamba umepima mchanga wa pale watakapochimba choo mara moja tu ukaridhika, sijatulia. Nakaa, nasimama, chai yenyewe imepoa.

Nilikuwa mwanafunzi chuoni Kyambogo, miguu ikiniwasha kila saa. Usicheke, nawe ni hivyohivyo. Watu wa Ggaba walitaka kuchimba choo cha shimo, na upande wa chini palikuwa na kisima cha Mama Zaituni, mjane muuza samaki. Wanawe walikunywa hapo. Mwalimu wetu, Mwalimu Hadija, alinipeleka tukadirie maji yatashukaje katika mchanga ule ambao haujajaa maji. Nikapigilia ardhini pete ya chuma, pana kama mdomo wa ndoo, nikamwaga maji ndani, yakazama. Nilipochimba, mchanga ulikuwa umelowa kufikia magotini tu, na chini yake mkavu kabisa.

"Hayafiki mbali, Mwalimu," nikasema. "Wachimbe tu."

Hakupaza sauti. "Umeuliza mchanga ukiwa na kiu. Masika ikija, nani atamjibu Mama Zaituni?"

Akaniamuru nihamie hatua chache pembeni, nimwage, ningoje, nimwage tena. Nilinuna, wallahi, maana bodaboda ilikuwa ikiningojea barabarani. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani angenifanya nisikilize siku ile? Nilipochimba mara ya pili, unyevu ulikuwa umepita kiuno changu. Mchanga mkavu huyashika maji kwanza. Ukishalowa, yanayofuata huteremka upesi. Niliona aibu, kisha nikaogopa. Kidogo tu ningewanywesha watoto wale uchafu wa majirani zao.

Choo kilichimbwa kwingine, mbali na kisima. Mama Zaituni hakujua lolote. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, na mimi nikashindwa kumtazama usoni.

Basi shika hili. Usipime mchanga wa kiangazi ukaamua mambo ya masika. Ulowanishe, ungoje mpaka maji yashuke kwa mwendo uleule, ndipo uandike. Na kabla ya kutia sahihi, nenda ukamwone anayekunywa upande wa chini. Kama hujui jina lake, kazi yako bado.

Haya, chukua pete yako urudi leo, mawingu yanajikusanya juu ya ziwa. Mungu akupe subira, na mtoto wa mtu asidhurike kwa mkono wako. Amina.